Dola Moja Iliyozidi: Shajara ya Kufungua Tawi Letu, Houston

Daftari hili nililianza kwa ajili yangu mwenyewe, nisije nikasahau nani alikubali kufanya nini. Binamu yangu aliyeko Ohio anataka kufungua tawi la sororiti, yaani chama cha wanafunzi wa kike, chuoni kwake, akaniomba nimtumie. Basi nimelinakili, nikaondoa majina ya watu. Jina la chama nalo sikulitaja, kwa sababu haya ni maneno yangu, si yao.

28 Agosti 2023

Tumekaa watatu kwenye ngazi za maktaba, jua la Houston linachoma kama pasi. Mimi, Mvietnamu mmoja aliyezaliwa hapahapa mjini, anasoma uhasibu, na mwenzetu ambaye baba ni Mnigeria, mama Mmeksiko. Huyu wa mwisho amezunguka meza zote siku ya maonyesho ya vyama. Kwenye meza ya Waafrika kaulizwa kama anajua Kiyoruba. Kwenye meza ya Walatino kaulizwa mbona Kihispania chake kina lafudhi ya Texas. Anatusimulia huku anacheka, lakini miwani kaivua mara mbili kuifuta.

Mimi nimezaliwa kambini Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Wazazi wametoka Fizi, na tangu 2016 nyumbani ni Amarillo, ambako Mama anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama. Nikisema natoka Tanzania, Watanzania wananisahihisha. Nikisema Kongo, Wakongo wa Kinshasa wananisemesha Kilingala na mimi nabaki nimeduwaa.

Azimio: tutafute sororiti ya tamaduni nyingi. Hapa chuoni haipo hata moja.

17 Septemba 2023

Wiki mbili za kusoma. Binamu, hapa soma polepole, utaulizwa.

Vyama hivi huitwa "vya Kigiriki" kwa sababu ya herufi za majina yao tu; Mgiriki hayumo. Hata neno sororiti lina historia yake. Mwaka 1882 mwalimu wa Kilatini huko Syracuse, Profesa Frank Smalley, aliona kuwaita wasichana wa Gamma Phi Beta "undugu wa kiume" ni kichekesho, akapendekeza neno hilo, linalotokana na *soror*, yaani dada. Sisi kwenye kundi letu tunaandika "udada", linatosha.

Vyama vya zamani vilikuwa vya wasichana wa Kizungu. Wanawake Weusi wakajenga vyao, wakianza na Alpha Kappa Alpha pale Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908. Walatina wakafungua Lambda Theta Alpha pale Kean, New Jersey, mwaka 1975. Vya tamaduni nyingi vimekuja baadaye: Mu Sigma Upsilon ndicho cha kwanza, Rutgers, 21 Novemba 1981. Kisha Lambda Sigma Gamma, Sacramento, 1986. Theta Nu Xi, Chapel Hill, 1997. Mwaka 1998 likaundwa baraza la kitaifa la vyama vya aina hii.

Nikivipanga hivyo naona kila kimoja kimezaliwa kwa sababu kuna meza iliyomuuliza mtu swali kama lile aliloulizwa mwenzetu.

Tumewaandikia wasimamizi wa upanuzi (wanaoshughulikia matawi mapya) wa vyama viwili. Kimoja kimejibu siku hiyohiyo.

1 Oktoba 2023

Nimempigia Mama. Nilidhani nimejiandaa.

"Hizo alama za mikono munaonyeshana, ni Fremasoni ao?"

"Hapana, Mama. Ni salamu tu."

"Na siri ziko?"

Nikakwama. Siri zipo, siwezi kumdanganya. Nikamkumbusha kwamba babu yake alikuwa mtu wa Bwami, chama cha jadi, na Bwami ilikuwa na ngazi na siri zake, na wake nao walikuwa na ngazi zao, mpaka Wabelgiji wakaipiga marufuku mwaka 1948. Nilidhani nimepiga bao. Mama ni mtu wa kanisa, Bwami haimpi raha hata kidogo. Akanyamaza, kisha akasema:

"Bwami ilikuwa ya watu wazima. Ninyi ni watoto. Nani anawaangalia?"

Swali lake ni lilelile lililo kwenye fomu ya chuo, ukurasa wa pili: jina na saini ya mlezi.

20 Oktoba 2023

Mlezi amepatikana. Ni mama wa Mombasa, anafundisha takwimu. Nilikwenda ofisini kwake na hotuba ya kurasa mbili, sikufika hata nusu.

"Mwanangu, hayo si mageni," akasema. Bibi yake alikuwa kwenye chama cha lelemama Mji wa Kale: sare moja, viongozi wenye vyeo, na ushindani na chama kingine ambao watu waliweza kuuza dhahabu ili ngoma yao isizidiwe. "Kwa hiyo mimi nakubali kwa sharti moja. Hesabu za fedha nizione kila mwezi. Vyama vya wanawake haviuawi na wanaume, vinauawa na daftari la hazina."

Jioni yeye mwenyewe amempigia Mama yangu. Wameongea dakika arobaini, mengi kuhusu bei ya nyama.

3 Januari 2024

Sheria ya jimbo, SB 17, iliyotiwa saini na Gavana Greg Abbott Juni mwaka jana, imeanza kutumika juzi tarehe 1. Vyuo vya umma Texas haviruhusiwi tena kuwa na ofisi za kusimamia uwiano wa watu wa asili mbalimbali. Vyama vya wanafunzi havimo kwenye katazo. Nimeisoma sheria yenyewe. Lakini chumba tulichokuwa tukikutania kilikuwa cha ofisi ya aina hiyo. Tumerudi likizo tukakuta mlangoni pamebaki matundu manne ya skrubu pale palipokuwa kibao.

Mtumishi mmoja katuuliza kwa sauti ya chini kama tunaweza kuomba usajili bila neno "tamaduni nyingi". Hakuwa na ubaya, alikuwa na woga tu. Tumemwonyesha kifungu. Kasoma mara mbili, kapiga muhuri.

Kuanzia sasa tunakutana kwenye chumba cha kufulia cha bweni la kaskazini, ghorofa ya kwanza. Mashine zikizunguka, mwenyekiti analazimika kupaza sauti, na vikao vimekuwa vifupi. Sikutegemea faida hiyo.

11 Februari 2024

Kosa langu, naliandika lote.

Nilipanga kikao cha kuwapokea wasichana wanaotaka kujiunga jana, Jumamosi tarehe 10, saa nne asubuhi. Nimenunua soda, nimechapisha karatasi ishirini. Wamekuja wanne. Jana ilikuwa Tết, mwaka mpya wa Kivietnamu, na nusu ya walioandikisha majina walikuwa kwa bibi zao wakipokea bahasha nyekundu za pesa. Jumamosi ni Sabato ya Mfilipino wetu ambaye ni Msabato. Wawili wengine hufanya kazi dukani kila Jumamosi. Tarehe moja, nimewafungia mlango watu wa aina tatu, kwenye chama kinachojinadi kuwa cha watu wote.

Mweka hazina wetu, yule wa uhasibu, hakunilaumu. Kanitumia picha ya bibi yake kavaa áo dài, vazi la Kivietnamu, chini kaandika: "Anauliza mwenyekiti wenu ni nani."

Tumetengeneza kalenda moja ukutani (ukuta wa chumba cha kufulia, kwa gundi ya karatasi). Kila mtu kaandika siku ambazo hawezi, kwa rangi yake. Kwaresima, Ramadhani, zamu za kazi, Sabato, kliniki ya mdogo wake mtu. Zilizobaki nyeupe ni Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa mbili usiku. Basi ndizo siku zetu.

Ofisi ya shughuli za wanafunzi imetualika usiku wa mataifa, tuje na bendera na chakula. Tumekwenda, tumekula, tumepigwa picha. Lakini kama mtu ataniuliza tamaduni nyingi ni nini, nitampeleka akaione ile kalenda. Bendera hata duka la dola moja linauza.

18 Aprili 2024

Baraza la vyama vya tamaduni mbalimbali hapa chuoni limetupa dakika 15. Swali gumu lilitoka kwa dada mmoja wa sororiti ya Walatina: "Ninyi mnataka nini ambacho sisi hatukupi?" Mwenzetu wa Nigeria na Meksiko ndiye aliyejibu. Alisema hataki kuchagua mzazi. Akakaa.

Kura: tumepita. Sasa sisi ni "kundi la wenye nia", halali, bila herufi. Hatuvai nembo yoyote, hatujiiti dada. Tunatakiwa tuwe angalau watano wenye wastani wa alama (GPA) wa 2.7. Tuko wanane.

14 Julai 2024

Kimbunga Beryl kimetua Texas alfajiri ya Jumatatu tarehe 8. Nyumba na biashara zaidi ya milioni mbili zimekosa umeme. Mimi nilikuwa mjini kwa kazi ya kiangazi, kwetu umeme ulirudi siku ya tatu. Kwa mwenzetu Mpakistani, kusini-magharibi mwa jiji, siku ya sita bado giza, na bibi yake anatumia insulini inayotakiwa kukaa kwenye baridi.

Kundi la WhatsApp ambalo tangu Mei lilikuwa kimya kama makaburi likaamka. Barafu ilitafutwa hadi Katy. Mfilipino kaleta friji ndogo ya gari ya kaka yake. Tulipokezana zamu ya kubadilisha barafu siku nne. Mama mwenye nyumba alitupikia biriani kwenye jiko la gesi, gizani, sakafu nzima mishumaa.

Hakuna aliyelipa ada yoyote bado. Fomu ya maombi ya taifa tumeichelewesha wiki moja, na msimamizi wa upanuzi katuelewa.

3 Septemba 2024

Fedha. Ada ya kuingia, kwa kila mtu, pamoja na bima: dola 320. Kwa baadhi yetu hiyo ni kodi ya wiki mbili ya chumba. Wawili wanaweza kulipa leo. Sita hatuwezi.

Kikao kilikuwa kizito. Kuuza keki kulipendekezwa, kukapigiwa hesabu, kukaachwa. Wale wawili walisema watawakopesha wengine, na mimi nikasema hapana. Ukishamkopesha dada yako, mmoja wenu amepata bosi. Nikasema kwetu tungefanya likelemba. Wakaniuliza ndiyo nini. Nikaeleza: tunachanga wote, fungu anapewa mmoja, zamu inazunguka.

Mweka hazina akaacha kuandika. "Hiyo ni hụi. Bibi yangu alinunulia gari hivyo."

"Ni tanda," akasema wa Nigeria na Meksiko, "na kwa baba ni ajo."

"Paluwagan," akasema Mfilipino.

"Kameti," akasema Mpakistani. "Mama anayo moja sasa hivi, hata baba hajui."

Tulicheka mpaka mtu aliyekuja kuchukua nguo zake akauliza kama tuko salama. Mwaka mzima tumekuwa tukisaka kitu kinachotuunganisha cha kuandika kwenye fomu ya maombi, tukaandika "kuthamini uanuwai" na maneno mengine ya aina hiyo yasiyoshibisha, kumbe mama zetu wote wanacheza mchezo mmoja. Nikaongeza kwamba Watanzania huuita upatu. Mlezi, nilipomsimulia, hakucheka. Kauliza nani anashika kitabu.

Kanuni: watu 8, dola 40 kila wiki mbili, mizunguko 8, kufika katikati ya Desemba kila mmoja amelipiwa. Fungu haliingii mkononi mwa mtu; mweka hazina analituma moja kwa moja makao makuu kwa jina la mwenye zamu. Zamu zimepigiwa kura kwa vikaratasi ndani ya kofia.

5 Novemba 2024

Imetokea ile ambayo mlezi alikuwa akiingoja.

Mwenzetu wa El Paso, aliyepata zamu ya tatu, ameacha chuo. Baba yake anaumwa. Alichanga mizunguko minne, dola 160. Ameshalipiwa 320, na makao makuu hawarudishi. Mizunguko minne iliyobaki itapungua dola 40 kila mmoja.

Kuna aliyesema tumdai. Kuna aliyesema tumsamehe. Aliyesema tumdai alitoa hoja nzuri, na aliyesema tumsamehe alilia, na kulia si hoja. Nilikasirika na wote wawili, nikafunga kikao kabla ya wakati. Si jambo la kujivunia.

7 Novemba 2024

Tumerudi. Mweka hazina alikuja na Exceli. Deni la 160 kwa watu 7 ni 22.85 na kitu. Tumekubaliana kila mmoja aongeze 23. Jumla 161. Kuhusu mwenzetu wa El Paso: hatumdai, hatumwandikii barua ya kumsamehe pia, maana barua ya namna hiyo nayo ni kudai. Tumempigia kumuuliza hali ya baba.

Dola moja iliyozidi imeandikwa kwenye kitabu, mstari wake peke yake.

12 Januari 2025

Desemba sheria ya Marekani nzima dhidi ya kuwatesa wanachama wapya imetiwa saini: vyuo sasa vitatakiwa kutangaza hadharani vyama vilivyokutwa na hatia. Aliyesoma sekondari Tanzania anajua habari ya njuka, mwanafunzi mgeni anayeonewa, na hapa ni hiyohiyo, ila hapa watu wamekufa kwa kunyweshwa pombe. Ofisi imetuita semina ya muda wa saa tatu. Nimempelekea Mama muhtasari. Kajibu kwa sauti ya WhatsApp: "Sasa hiyo ndiyo serikali."

Mafunzo yetu yatachukua wiki nane, Februari hadi Aprili, chini ya dada wawili wa tawi la mji mwingine watakaokuja kila baada ya wikiendi moja. Yanahusu historia, katiba, fedha na mtihani. Ya siri ni machache, na nikilinganisha na mikesha ya kanisa letu Amarillo, ni mepesi.

10 Machi 2025

Ramadhani imeanza tarehe 1. Vikao tumevisogeza viwe baada ya futari, kisha jana saa za Marekani zikasogezwa mbele kama kila Machi, Magharibi ikahamia karibu saa moja na nusu, na ratiba yote ikapinduka. Kalenda ya ukutani imefutwa na kuandikwa upya. Mpakistani anakuja na tende, na sasa hata Msabato anazingojea.

Kosa la pili la kukumbuka: mazoezi ya mwendo wa kucheza kwa mstari, ambao vyama vyote hapa wanao. Tuliunda hatua zetu kwa furaha, tukazirekodi. Siku mbili baadaye dada wawili wa sororiti moja ya Weusi wakaomba kukutana nasi. Kwa adabu kabisa walituonyesha kwamba hatua moja, ile ya kuinamisha bega na kugeuka, ni yao tangu kabla mama zetu hawajaolewa. Hatukujua, lakini kutojua si ruhusa. Video tumeifuta, hatua tumeitoa. Mmoja wao kabaki nusu saa kutufundisha jinsi ya kuhesabu mapigo ili mstari usikatike.

12 Aprili 2025

Jana usiku tumetambulishwa hadharani kama wanachama. Wasichana saba kwenye mstari, mfupi mbele, mrefu nyuma. Mimi ni namba tano. Barakoa zilipovuliwa nilimwona Mama safu ya pili. Kasafiri na basi kutoka Amarillo usiku kucha, kavaa kitenge cha sherehe, pembeni mwake kakaa bibi wa mweka hazina na áo dài yake. Hawana lugha hata moja ya pamoja. Kila kelele ilipopigwa, Mama alipiga kigelegele, na mara ya tatu yule bibi akajaribu naye.

Baadaye, kwenye maegesho, Mama kanikamata mkono. "Hakuna Fremasoni hapa," akasema, kama mkaguzi aliyemaliza kazi.

Tawi limesajiliwa. Herufi tunazo.

2 Septemba 2025

Wawili wamehitimu Mei. Tumebaki watano, ndio ukomo wa chini. Mmoja akiumwa hatuna akidi. Furaha ya Aprili imetulevya, kiangazi chote hakuna aliyefanya kazi ya kuwatafuta wapya. Nimeandika hivi kwenye taarifa ya makao makuu bila kupaka rangi.

Kikao cha kwanza: Jumanne, saa mbili usiku. Nimeikagua kalenda mara tatu kabla ya kutangaza. Wamekuja kumi na tisa. Mmoja wao kanisogelea mwishoni akanisalimia "Shikamoo dada". Ni Mrundi, kakulia Kigoma. Nilisahau hata kumwandikisha.

25 Novemba 2025

Wapya sita wametambulishwa wiki iliyopita. Tuko kumi na mmoja. Mrundi kawa katibu msaidizi na mihtasari yake inasomeka, tofauti na yangu.

Jana simu ya tawi imepokea dola 160 kutoka El Paso. Ujumbe: "Baba anatembea sasa." Hakuna kingine.

Mjadala ulikuwa mfupi safari hii. Kuzigawa, kila mmoja wa wale saba apate chake, hakuna aliyetaka, na wawili waliohitimu wamejibu kwa simu hivyohivyo. Zinaingia mfukoni mwa likelemba ya Januari, kuziba pengo atakapotokea mwingine wa kuondoka katikati. Mweka hazina mpya kafungua kitabu kuandika, akakuta ule mstari wa Novemba mwaka jana, akauliza dola moja hii ni ya nini. Nimemwambia ajumlishe. Mfuko unasoma 161.

Kinachofuata: mlezi anataka hesabu za mwezi kabla ya Ijumaa. Chumba cha kufulia kinafungwa Desemba kwa ukarabati. Mfilipino anatafuta pengine.